Jiliwa la Benchi la Seremala na Namna ya Kulichagua

Seremala anayejitengenezea benchi lake mwenyewe hufikia hatua ambapo miguu imekwisha kusimama, uso wa juu umekwisha kusawazishwa, na swali linalobaki ni namna ubao utakavyoshikwa juu ya benchi hilo ili usicheze chini ya randa, msumeno au patasi. Chombo kinachotoa jibu la sehemu kubwa ya swali hilo ni jiliwa, ambalo mafundi wengi huliita vaisi, yaani kifaa chenye mataya mawili, moja likiwa limeganda kwenye benchi na jingine likisogezwa na parafujo hadi libane kitu kilichowekwa katikati. Kwa bahati mbaya jiliwa hununuliwa mara nyingi kwa kutazamwa uzito wake na bei yake tu, ilhali jiliwa zito na la gharama kubwa likiwekwa mahali pasipofaa, au likiwa la aina isiyokusudiwa kwa mbao, humwacha fundi katika hali ileile ya kuushikilia ubao kwa goti.

Kabla ya kutazama aina za majiliwa, inafaa kutazama ubao wenyewe. Ubao wa kawaida una sehemu tatu zinazohitaji kufanyiwa kazi: uso wake mpana, ubavu wake mwembamba unaofuata urefu, na kichwa chake, yaani mwisho ambapo nyuzi za mti zimekatwa kwa upana. Uso mpana hupigwa randa ubao ukiwa umelala juu ya benchi, na kwa kazi hiyo jiliwa si lazima, kwa kuwa randa yenyewe huusukuma ubao kwenda mbele, na kipande cha mti kilichochomoza sentimita 1 juu ya benchi kinatosha kuuzuia. Ubavu hupigwa randa ubao ukiwa umesimama kwa ubavu wake, nao katika hali hiyo hauna msingi wa kusimamia, kwa hiyo lazima ubanwe. Kichwa cha ubao, ambapo ndimi na mikia ya njiwa hukatwa kwa msumeno ili kuungia fremu na droo, huhitaji ubao usimame wima na ubanwe karibu sana na mahali msumeno unapopita, la sivyo ubao hutetemeka na mstari wa msumeno hupotea. Jiliwa basi ni chombo cha ubavu na kichwa zaidi kuliko cha uso, na fundi anayejua ni ipi kati ya kazi hizo mbili anayoifanya mara nyingi amekwisha kupata nusu ya uamuzi wake.

Historia ya benchi la useremala nayo inaonyesha kwamba kazi nyingi huweza kufanywa kwa majiliwa machache. Katika ngome ya Kirumi ya Saalburg, nchini Ujerumani, lilipatikana ndani ya kisima benchi fupi la karne ya 2, ambalo ni gogo lililopasuliwa na kutiwa miguu, wala halina parafujo hata moja. Fundi wa wakati huo aliweza kuukalia ubao, kuuzuia kwa vigingi, au kuukaza kwa kabari. Baadhi ya picha za zamani zaidi zinazojulikana za benchi lenye jiliwa la parafujo zimo katika hati ya Martin Löffelholz wa Nuremberg ya mwaka 1505. Mwishoni mwa karne ya 17, Mwingereza Joseph Moxon alieleza katika kitabu chake cha ufundi jiliwa la parafujo mbili, na kuanzia mwaka 1769 André-Jacob Roubo, seremala wa Paris, alichapisha kazi kubwa juu ya useremala ambamo benchi lina uso wa mti mmoja wenye unene wa inchi 5 hadi 6, matundu ya vibano vya kugongwa kwa nyundo, na jiliwa lililojengwa kwenye mguu wa benchi. Samani za Ufaransa za enzi hiyo, ambazo hadi leo huhifadhiwa katika majumba ya makumbusho, zilitengenezwa kwa vifaa hivyo. Si kweli, basi, kwamba benchi zuri ni lile lililojaa majiliwa, na mtu mwenye fedha kidogo hana sababu ya kuahirisha kazi mpaka apate manne.

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Afrika Mashariki, jiliwa linalopatikana kwa urahisi ni lile la fundi chuma. Jiliwa hilo hufungwa juu ya meza kwa boliti, mataya yake yamepanda juu sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye uso wa meza, ni mafupi, na nyuso zake zimechongwa meno madogo ili chuma kisiteleze. Kwa kushika bomba au msumeno unaonolewa kwa tupa halina mpinzani, na kila karakana hulihitaji mahali fulani. Kwa mbao lina kasoro tatu, na mbili kati yake hazirekebishiki kwa urahisi. Meno yake huacha alama kwenye mti. Kasoro hiyo ndiyo ndogo, kwani vipande viwili vya mbao vinaweza kuvishwa juu ya mataya. Mataya mafupi huushika ubao mrefu katika sehemu ndogo tu, hivyo ubao huzunguka kila randa inapousukuma mwisho wake. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba ubao huelea hewani mbali na uso wa benchi, bila kuegemea chochote, na hivyo uzito na uimara wote wa benchi, ambao fundi aliutolea jasho, haumsaidii hata kidogo. Anayelichukua jiliwa la aina hii kwa sababu ndilo lililopo dukani atafanya vyema zaidi kuokoa fedha zake na kuzitumia kwa njia itakayoelezwa hapa chini.

Jiliwa la chuma lililokusudiwa kwa seremala hufungwa chini ya benchi, si juu yake. Taya lake la ndani huzamishwa katika ukingo wa mbele wa benchi, taya la nje huja na kwenda likiongozwa na fimbo mbili za chuma zilizo sambamba, na parafujo hupita katikati ya fimbo hizo. Mengi yaliyo katika shule za ufundi na karakana za zamani za nchi zilizotawaliwa na Waingereza yanafuata umbo la viwanda vya Uingereza, na majina kama Record, Woden na Parkinson bado yanasomeka kwenye chuma chake. Ukubwa wake hupimwa kwa upana wa mataya na kwa kiasi yanavyoweza kufunguka. Record namba 52, kwa mfano, ina mataya ya inchi 7, namba 52½ ina inchi 9, na namba 53 ina inchi 10½. Kwa benchi la nyumbani upana wa inchi 7 hadi 9 unatosha kabisa, na jiliwa kubwa zaidi huongeza uzito na bei kuliko linavyoongeza manufaa. Baadhi yake yana kifyatuo karibu na mkono wa kuzungushia, ambacho huiachia nati ili taya livutwe au lisukumwe mara moja bila kuzungusha, na mtu akishazoea kifyatuo hicho huona tabu kurudi nyuma.

Jiliwa la aina hii likiwa limetumika linaweza kuwa bora kuliko jipya la bei nafuu, mradi likaguliwe. Mwili wake ni chuma kilichomiminwa katika kalibu, ambacho ni kigumu lakini huvunjika badala ya kupinda, na kikishapasuka hakichomelewi kwa urahisi kama chuma cha kawaida; kwa hiyo ni lazima pembe zote, hasa pale fimbo zinapoingia kwenye taya, zipanguswe kutu na kutazamwa kama zina ufa. Kisha mkono wa kuzungushia uzungushwe mbele na nyuma ili kuona parafujo inazunguka kiasi gani kabla taya halijaanza kusogea: robo ya mzunguko si tatizo, lakini karibu mzunguko mzima ni dalili kwamba hesi, yaani mfuo unaozunguka parafujo, imelika. Kipimo cha mwisho ni cha karatasi. Mataya yafungwe taratibu huku ukanda mmoja wa karatasi ukiwa juu na mwingine chini, na kama jiliwa ni zima, karatasi ya juu itabanwa kwanza na ya chini itachomoka. Watengenezaji wazuri huyainamisha mataya kidogo kwa makusudi ili yakutane kwanza juu, kwa sababu ubao unahitaji kushikwa pale juu karibu na kazi. Mataya yanayokutana kwanza chini huusukuma ubao juu na kuuachia kadiri yanavyokazwa.

Hata jiliwa zima la aina hii lina udhaifu mmoja unaotokana na umbo lake. Kwa kuwa parafujo na fimbo zimekaa katikati, ubao unaosimamishwa wima, kwa mfano kwa kukatwa ndimi, hauwezi kupita katikati bali huwekwa upande mmoja, na taya, likiwa limebana kitu upande wa kushoto na hewa tupu upande wa kulia, hupinda. Fimbo huchakaa kwa sababu hiyo, na mshiko hulegea. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kipande cha mbao chenye unene sawa na ule wa ubao, kinachowekwa upande wa pili ili mataya yabaki sambamba. Fundi mwangalifu huwa na vipande kadhaa vya unene tofauti vilivyotundikwa kwenye msumari karibu na jiliwa lake.

Jiliwa linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi na mtu anayejitengenezea benchi ni jiliwa la mguu. Hapa taya la ndani ni mguu wa mbele wa benchi lenyewe, na taya la nje ni ubao mnene na mrefu unaoshuka kutoka usawa wa benchi hadi karibu na sakafu. Parafujo moja hupenya vyote viwili. Chini, karibu na sakafu, upau mwembamba uliounganishwa na taya hupita ndani ya tundu kwenye mguu, nao umetobolewa safu ya matundu. Pini ya chuma huchomekwa katika tundu mojawapo mbele ya mguu, na kazi yake ni kulizuia taya lisiingie ndani kule chini parafujo inapokazwa. Bila upau na pini hiyo, sehemu ya chini ya taya ingekimbilia kwenye mguu na sehemu ya juu isingebana kitu.

Nguvu ya jiliwa hili hutegemea mambo mawili. La kwanza ni parafujo. Mkono unaosukuma mpini katika umbali wa sentimita 15 kutoka katikati husafiri karibu sentimita 94 kwa mzunguko mmoja, ilhali parafujo yenye hatua ya milimita 6, yaani inayosogea milimita 6 kwa kila mzunguko, hulisogeza taya kwa umbali huo mdogo tu. Kinadharia, basi, nguvu ya mkono huzidishwa zaidi ya mara 150. Msuguano hula sehemu kubwa ya faida hiyo, lakini hata ikibaki moja ya tano, msukumo wa kilo 10 hugeuka kuwa mbano wa kilo 300 hivi, ambao ni mwingi kuliko mahitaji ya kazi yoyote ya kawaida ya useremala. La pili ni umbo la taya, ambalo hufanya kazi kama wenzo wenye egemeo kwenye pini. Katika benchi lenye kimo cha sentimita 85, pini ikiwa sentimita 10 juu ya sakafu na parafujo sentimita 25 chini ya uso wa benchi, theluthi mbili za nguvu ya parafujo hufika juu kwenye ubao. Pini ikipandishwa hadi sentimita 35 kutoka sakafuni, hufika nusu tu. Ndiyo maana upau huwekwa chini kadiri inavyowezekana, na ndiyo maana watu wanaoupandisha ili wasiiname kuchomeka pini hujikuta wakikaza kwa mikono miwili.

Manufaa ya jiliwa la mguu kwa seremala wa hapa ni kwamba karibu sehemu zake zote ni mbao, na kile kidogo cha chuma kinaweza kupatikana kwa fundi wa mtaani. Taya hufaa liwe la mbao ngumu isiyopindapinda inapokauka, na mninga unasifika kwa hilo, ingawa mkongo au mvule uliokauka vizuri nao unafaa. Upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 6 hutoa taya lisilopinda. Benchi lenyewe si lazima liwe la mbao hizo za gharama. Paini ya mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, ikikaushwa na kuunganishwa kwa gundi hadi unene wa sentimita 8, hutoa uso mzito unaosawazishika kwa urahisi, na fedha iliyookolewa hapo inaweza kwenda kwenye parafujo.

Parafujo ndiyo sehemu isiyofaa kubaniwa fedha. Fimbo ya hesi ya kawaida inayouzwa madukani kwa ajili ya ujenzi, yenye kipenyo cha milimita 24, husogea milimita 3 kwa mzunguko, kwa hiyo kufungua jiliwa sentimita 6 kunahitaji mizunguko 20, jambo linalochosha katika kazi ambayo ubao hufungwa na kufunguliwa kila baada ya dakika chache. Isitoshe, hesi yake ina ncha kali iliyokusudiwa kukazwa mara moja na kuachwa, na hulika haraka ikizungushwa kila siku. Parafujo inayofaa ina hesi nene yenye kichwa bapa na hatua ya milimita 5 au 6, na fundi mwenye mashine ya kukereza chuma anaweza kuikata pamoja na nati yake. Njia nyingine ni parafujo za jeki zinazowekwa chini ya nguzo za majukwaa ya ujenzi, ambazo zina hesi nene, huja na nati yake, na hupatikana zikiwa zimetumika. Fundi wa kuchomelea huiunganisha nati kwenye bamba la chuma ili ifungwe nyuma ya mguu, kisha huchomelea pete mbili kwenye parafujo, moja kila upande wa taya, ili taya lifuate parafujo inaporudi nje. Bila pete ya ndani, parafujo hutoka peke yake na taya lazima livutwe kwa mkono. Tundu la taya liachwe kubwa kidogo kuliko parafujo, kwa kuwa taya huinama kidogo linapobana.

Upande wa hasara, jiliwa la mguu humtaka mtumiaji ainame kuhamisha pini kila unene wa ubao unapobadilika sana. Kanuni ni kwamba nafasi ya chini iwe kubwa kidogo kuliko unene wa ubao ulioko juu, ili taya likutane na ubao kwanza kwa ncha yake. Matundu ya upau yakipangwa katika safu mbili zinazopishana, yakiachana sentimita 2 hadi 3 katika kila safu, marekebisho hayo huwa madogo na ya haraka. Seremala anayetengeneza zaidi milango na madirisha, ambaye ubao wake huwa na unene uleule kutwa nzima, ataigusa pini kwa nadra sana.

Kwa yule ambaye kazi yake kubwa ni masanduku na droo, jiliwa la parafujo mbili aliloeleza Moxon linafaa kuongezwa. Ni mbao mbili nene zenye urefu wa sentimita 70 hivi, zilizotobolewa karibu na miisho yake na kupitishwa parafujo mbili, nalo hukaa juu ya benchi likiwa limeshikwa kwa klampu na kuondolewa kazi inapokwisha. Nafasi kati ya parafujo ikiwa sentimita 50, ubao mpana wa ubavu wa droo hushuka katikati bila kizuizi na hushikwa kwa upana wake wote, tena katika kimo ambacho mgongo hauinami wakati wa kukata. Hapa hata fimbo ya kawaida ya ujenzi inatosha, kwa sababu jiliwa hili hutumiwa kwa vipindi tu. Jiliwa la mwishoni mwa benchi, linalobana ubao uliolala kati ya vigingi viwili, ni zuri kwa mwenye nalo, lakini ni gumu kulitengeneza likakaa sawa, na kizuizi cha mti kilichotajwa mwanzoni hufanya sehemu kubwa ya kazi yake.

Jiliwa lolote litakalochaguliwa, uso wa taya la ndani lazima uwe katika mstari mmoja na ukingo wa mbele wa benchi, na uso wa mguu uwe katika mstari huohuo. Hapa ndipo mabenchi mengi ya kujitengenezea hukosewa: ubao wa juu huachwa uchomoze mbele ya miguu kama meza ya kulia chakula, au taya la ndani hufungwa kwa nje ya ukingo. Matokeo yake ni kwamba mlango au ubao wa mita 2 unashikwa upande mmoja tu, na upande wa pili unaning'inia. Mambo yote matatu yakiwa katika mstari mmoja, ukingo mzima wa benchi huwa taya, na kigingi kilichochomekwa katika mguu wa pili huubeba mwisho wa ubao. Kwa anayetumia mkono wa kulia jiliwa hukaa kushoto, kwa kuwa randa husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto na msukumo huishia mahali penye mshiko. Kwa anayetumia mkono wa kushoto mpangilio hugeuzwa. Jiliwa la chuma nalo lifungwe karibu na mguu, kwa boliti zinazopenya na si kwa skrubu, kwani uzito wake, ambao unaweza kuzidi kilo 15, huning'inia chini ya ubao na skrubu hulegea kwa mitetemo.

Mataya ya chuma huvishwa mbao laini zenye unene wa sentimita 2 hivi, zikipanda juu ya chuma kwa milimita chache ili randa au patasi ikiteleza ikutane na mti. Mataya ya mbao hufaa kubandikwa ngozi nene upande mmoja, ambayo huongeza mshiko hata mbano ukiwa mdogo na hivyo huulinda ubao uliokwisha kupigwa msasa. Parafujo isipakwe grisi nzito, kwa sababu grisi hukamata unga wa msumeno na kuufanya uwe tope linalozisaga hesi. Nta ya nyuki au mafuta mepesi ya mashine yaliyopanguswa kwa kitambaa yanatosha. Katika maeneo ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ya chumvi huleta kutu haraka, upakaji huo haufai kusubiri hadi parafujo ianze kulia, na jiliwa lisilotumika kwa wiki kadhaa liachwe mataya yakiwa yametengana kidogo, ili unyevu usinaswe kati ya ngozi na mti.